Barua ya wazi: Mkagueni mhojiwa kabla hajajibu, si siku anayodai malipo yake

Kwa wakurugenzi wa majopo ya utafiti mtandaoni, yaani kampuni zinazosajili watu wa kujibu madodoso kwa malipo. Kwa wamiliki wa masoko ya sampuli. Kwa kampuni na taasisi zinazonunua majibu. Na kwa mamlaka zenye jukumu la kumlinda mtumiaji na taarifa zake.

Waheshimiwa,

Watu wanaofikiria kujaza madodoso ya kulipwa huuliza swali moja kabla ya yote: je, hawa wanalipa kweli? Sisi ni waandaaji wa madodoso, wapangaji wa migawo (idadi ya watu wa kila sifa anaowataka mteja) na wasafishaji wa majibu yakishaingia, na jibu lake tunalijua. Majopo mengi yaliyokwisha kujijenga hulipa. Hulipa kidogo, na mara nyingine kwa kuchelewa, lakini hulipa. Tatizo ni kwamba mhojiwa hana njia ya kujua mapema kama atalipwa yeye, kwa dodoso hili alilolifungua sasa. Mgawo ukijaa, hasara ni yake. Kiungo kikikatika, hasara ni yake. Mteja akikataa data mwezi mmoja baadaye, hasara bado ni yake. Hatari za biashara nzima zimeteremshwa ngazi kwa ngazi hadi zikamtua mtu wa mwisho, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuzibeba.

Matapeli tuwaweke kando, maana hao ni kazi ya polisi. Anayedai ada ya kujiunga, anayeuza orodha ya madodoso "yanayolipa vizuri", anayeomba nywila ya barua pepe, namba ya siri ya kadi au amana ya kufungulia pesa ambazo eti umeshazipata, huyo hana jopo lolote. Katika utafiti wa kweli pesa hutoka kwa mwenye swali kwenda kwa mwenye jibu, basi. Barua hii inawahusu ninyi mlio halali, wenye mikataba, wanasheria na kurasa ndefu za masharti, kwa sababu malalamiko mengi ya "nilidhulumiwa" hutokana na mifumo yenu ya kawaida inayofanya kazi kama ilivyopangwa.

Mhojiwa huona kitufe kimoja tu cha kuanza. Nyuma ya kitufe hicho kuna mnyororo mrefu. Kampuni yenye bidhaa humwagiza wakala wa utafiti. Wakala huandika dodoso na kuagiza, tuseme, watu 1,000 wenye sifa fulani. Agizo huingia kwenye soko la sampuli, ambako majopo huligombea kwa bei ya kila jibu lililokamilika. Jopo likipungukiwa watu huazima kwa jopo jingine, nalo huazima kwa programu ya simu inayowapa watu pointi kwa kucheza michezo. Masoko haya yamezidi kuungana. Mwaka 2021 Cint iliinunua Lucid, zote mbili zikiwa masoko ya sampuli, na majopo mengi yenye sura tofauti hunywa kutoka bomba moja. Ndiyo maana mtu aliyejiunga na majopo 5 hukutana na dodoso lilelile mara 2 au 3. Mara ya pili mfumo humtoa kwa kosa la kurudia, na wakati mwingine humwekea doa kwenye rekodi, ilhali hakuna aliyemwambia kwamba dodoso ni lilelile. Jina la mradi linabadilika, rangi ya ukurasa inabadilika, na yeye anahukumiwa kwa kutojua alichofichwa. Kama mfumo unaweza kumtambua mtu kuwa ameshajibu, unaweza kumtambua kabla hajafungua swali la kwanza. Ukaguzi wa kurudia uwe mlangoni, na usihesabiwe kosa.

Sasa mwisho wa dodoso, mahali ambapo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Mhojiwa akishajibu swali la mwisho, kivinjari chake hurudishwa kwenye jopo kwa kiungo kilichobeba namba yake ya utambulisho na hali yake: amekamilisha, hafai, nafasi zimejaa, au amekataliwa kwa sababu ya ubora. Jopo hulipa kwa kuisoma hali hiyo. Safari hiyo ni ya sekunde chache, na mengi huikata. Simu ikapoteza mtandao. Programu ya kuzuia matangazo ikafuta nusu ya kiungo. Mtu akaona "Asante kwa majibu yako" akafunga ukurasa, kwani nani asingedhani amemaliza? Muda wa kikao ukaisha kwa sababu dodoso lilikuwa refu kuliko lilivyotangazwa. Au mwandaaji, na hili ni kosa letu sisi, akasahau kuondoa kiungo cha majaribio kabla ya kulifungua dodoso kwa watu wote. Katika hali zote hizi majibu yamemfikia mteja, yamehesabiwa na yatatumika, lakini jopo halina habari. Mhojiwa akilalamika huambiwa: "Mfumo wetu hauonyeshi kwamba ulikamilisha." Kauli hiyo ni ya kweli, na bado hakulipwa.

Tiba inajulikana na haina ugumu wa kiufundi. Seva ya dodoso iiarifu seva ya jopo moja kwa moja, bila kutegemea kivinjari cha mtu. Ujumbe huo uwe na sahihi iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri, ili mjanja asiweze kujiandikia "amekamilisha" kwa kubadilisha neno moja kwenye kiungo. Viungo visivyo na sahihi vimekuwa mlango wa wizi kwa miaka mingi, kisha waaminifu ndio wanaolipia gharama ya wizi huo. Ujumbe ukishindwa kufika, utumwe tena baada ya dakika 1, kisha 10, kisha saa 1. Na kila usiku pande mbili zilinganishe orodha za namba za waliokamilisha: kila namba iliyoko kwa mteja na haiko kwa jopo ilipwe asubuhi bila mtu kuandika lalamiko. Ukurasa wa mwisho uonyeshe namba ya dodoso, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na hali iliyoandikwa, ili picha ya skrini iwe ushahidi wenye maana. Leo mtu hupiga picha ya neno "Asante" tupu, na dawati la huduma haliwezi kuifanyia chochote.

Kuhusu mchujo, yaani maswali ya mwanzo ya kuona kama mtu anafaa, tunaomba hesabu ifanywe hadharani. Tuseme mteja anahitaji mtu 1 kati ya 5. Maswali ya mchujo huchukua dakika 3, na dodoso lote pamoja na mchujo ni dakika 15 kwa pointi 100. Tangazo linasema pointi 100 kwa dakika 15, yaani 400 kwa saa. Lakini kwa wastani mtu atachujwa mara 4 kabla ya kupita mara 1. Hizo ni dakika 12 za bure, ukiongeza 15 unapata 27. Malipo halisi ni pointi 222 kwa saa, karibu nusu ya ahadi, hata kabla dodoso la dakika 15 halijageuka la dakika 22 kwa sababu wakala aliongeza maswali ya bidhaa ya pili bila kurekebisha tangazo. Hakuna aliyedanganya waziwazi. Kila mmoja alitaja namba ya kipande chake, na jumla ya vipande ikawa uongo. Muda unaotangazwa uwe muda wa kati wa waliokamilisha kweli (nusu yao walitumia pungufu, nusu zaidi), uhesabiwe upya baada ya majibu 30 ya mwanzo na kila 100 yanayofuata, na mchujo unaozidi dakika 2 ulipiwe hata kama mtu hakufaa. Maswali ya umri, jinsia, elimu na ukubwa wa kaya jopo linayo tayari. Kumuuliza mtu mara 20 kwa siku kisha kumshuku kwamba anajibu haraka mno ni kumtega.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaotolewa wakiwa asilimia 90 ya njia. Wengi huamini kwamba huo ni wizi wa makusudi: mteja ameshapata majibu, kisha anamfukuza mtu ili asimlipe. Mbinu hiyo ipo na inastahili adhabu. Lakini mara nyingi chanzo ni namna mgawo unavyohesabiwa. Zikibaki nafasi 40 na watu 150 wako ndani kwa wakati mmoja, mfumo unaohesabu waliofika mwisho pekee utaendelea kuwaona 150 hao kama wageni halali mpaka wa 40 amalize. Wengine 110 watakutana na "nafasi zimejaa" popote walipo, hata kama wamebakiza maswali mawili. Suluhisho ni kuhesabu nafasi mtu anapopita mchujo: aihifadhi kwa muda, tuseme mara 2 ya urefu wa dodoso, na asipomaliza irudi sokoni. Programu nyingi za madodoso zinaweza kufanya hivyo. Haifanyiki kwa sababu mteja anaogopa kubaki na nafasi 3 au 4 zisizojazwa siku ya mwisho. Basi mteja huyo anunue usalama wake kwa pesa yake: akubali kulipa ziada ya majibu kwa asilimia 5, kuliko kuchukua dakika za watu 110 bila malipo.

Tunakuja kwenye jambo zito zaidi, yaani kukataliwa kwa majibu.

Udanganyifu upo, na ni mkubwa. Machi 2024 Pew Research Center, kituo cha utafiti wa maoni cha Marekani, kilieleza jinsi asilimia 12 ya wahojiwa wa Marekani waliojisajili wenyewe kwenye majopo na kusema wana umri wa chini ya miaka 30 walivyodai kuwa na leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Aprili 2025 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani katika jimbo la New Hampshire waliwashtaki watu 8 waliohusishwa na kampuni za data za utafiti, wakidaiwa kuuza majibu ya kughushi yenye thamani ya takriban dola milioni 10. Novemba 2025 utafiti wa Sean Westwood wa chuo cha Dartmouth, Marekani, uliochapishwa katika jarida la kisayansi la PNAS ulionyesha roboti ya akili mnemba ikipita asilimia 99.8 ya maswali ya kupima umakini. Kwa hiyo hatuwaombi mfungue milango. Anayeendesha akaunti 60 kwa simu 60 hastahili kulipwa, na tunataka aondoke kabla hajaiharibu kazi yetu.

Tazameni, hata hivyo, mawili ya mwisho kati ya mambo hayo yanasema nini. Katika kesi ya New Hampshire madai ni kwamba ughushi ulipangwa na wauzaji wa data wenyewe, si na mhojiwa aliye nyumbani na simu yake. Na roboti inayopita maswali 998 kati ya 1,000 ya umakini inamaanisha kwamba maswali hayo hayamnasi tena yule mlengwa. Anayenaswa ni binadamu aliyechoka katika dakika ya 25.

Vipimo vyenyewe vinafahamika. Kasi: anayemaliza chini ya theluthi moja ya muda wa kati hukatwa, hivyo dodoso la dakika 12 hukata aliyetumia chini ya dakika 4. Mstari ulionyooka: aliyechagua jibu lilelile safu nzima kwenye jedwali la maswali. Swali la mtego: "chagua 'sikubali kabisa' hapa." Majibu yanayopingana. Jibu la wazi lisiloeleweka. Anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) au alama ya kifaa iliyowahi kuonekana. Kila kimoja kina mantiki yake, na kila kimoja hukosea. Anayejaza madodoso kila siku husoma haraka kuliko muda wa kati. Jedwali lenye kauli 8 zinazoelekea upande mmoja hujibiwa mstari ulionyooka na mtu mwaminifu kabisa, kwani hivyo ndivyo anavyofikiri. Anwani moja ya IP ya mtandao wa simu hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Kuihesabu kuwa mtu mmoja ni kosa la kiufundi. Mke na mume wanaotumia intaneti moja si akaunti pacha.

Chukueni vipimo 6 visivyotegemeana, kila kimoja kikikosea kwa asilimia 2 tu ya waaminifu. Ukimkata yeyote aliyeguswa na kimoja, wanaopona ni 0.98 mara yenyewe hadi mara 6, yaani asilimia 88.6. Zaidi ya waaminifu 11 kati ya 100 wamekatwa katika dodoso moja, na hakuna kipimo hata kimoja kilichoonekana kikali. Ndiyo maana wasafishaji makini hudai dalili 2 au 3 kabla ya kumtoa mtu.

Hesabu ya pili ndiyo tunayoomba isomwe taratibu katika vikao vyenu. Tuseme mmefanya vizuri, na mfumo sasa humshuku mwaminifu kimakosa mara 1 tu kwa madodoso 100. Sera yenu ni kufunga akaunti kwa kosa la kwanza na kufuta salio. Kiwango cha chini cha kutoa pesa ni pointi 2,500, na dodoso hulipa 100. Mwaminifu anahitaji kupita madodoso 25 bila ajali hata moja. Nafasi yake ni 0.99 mara yenyewe hadi mara 25, yaani asilimia 78. Watu 22 kati ya 100 wasio na hila yoyote watafungiwa kabla ya kuona malipo ya kwanza, na kila pointi yao itabaki kwenye vitabu vyenu. Shusheni kiwango kiwe pointi 500, na idadi hiyo inashuka hadi 5. Kosa la mfumo ni lilelile. Kilichobadilika ni kiasi cha mali ya mtu kilichokuwa mikononi mwenu lilipotokea. Jopo linaweza kuendeshwa na watu wema na bado likala jasho la mtu mmoja kati ya watano, kwa kuunganisha kanuni mbili ambazo kila moja peke yake inaonekana ya busara.

Ongezeni sasa uhakiki wa utambulisho. Katika majopo mengi mtu hujiunga kwa barua pepe tu, hujibu wiki kadhaa, na siku anapobonyeza "Toa pesa" ndipo anapoombwa kitambulisho, picha ya uso na namba ya simu. Hapo ndipo majina yanapogombana: kwenye akaunti ni mawili, kwenye kitambulisho ni matatu, herufi moja imekosewa, anwani ni ya zamani. Akaunti inasimamishwa "kwa uchunguzi". Tunajua sababu ya mpangilio huu. Kila uhakiki una gharama, wengi wanaojiunga hawarudi siku ya pili, na kuwahakiki wote mwanzoni ni kumlipia asiyekuja. Lakini maana yake ni kwamba mmeokoa gharama hiyo kwa kutumia kazi ya watu ambao hamkuwa mmeamua kama mtawalipa. Na majibu yao ya wiki hizo mmeshayauza.

Njia ya kati ipo. Mtu ajibu madodoso 3 ya mwanzo kwa barua pepe na simu iliyothibitishwa. Kabla ya la 4 ahakikiwe kikamilifu, aambiwe wazi sababu, na akishindwa alipwe hayo 3 na kuagana. Baada ya hapo uhakiki wa siku ya kutoa pesa uwe wa jambo moja tu, kwamba anayepokea ndiye mwenye akaunti. Tofauti ya mpangilio wa majina isiwe sababu ya kufunga chochote. Iwe sababu ya kuuliza, na jibu lipatikane ndani ya siku 5 za kazi.

Marejesho nayo yanahitaji ukomo. Mradi ukifungwa, mteja hupitia majibu 1,000 na kusema 180 hayafai. Wakala hupeleka orodha ya namba 180 kwenye soko, soko kwenye jopo, na jopo hukata pointi walizopewa watu wiki kadhaa zilizopita. Orodha hiyo mara nyingi haina sababu ya kila mtu. Ina neno moja, "ubora", kwa wote. Tumeona ndani yake majibu yaliyokataliwa kwa sababu mgawo ulipangwa vibaya, au kwa sababu swali lenyewe lilikuwa na kasoro na kila aliyelijibu akaonekana anajipinga. Hilo ni kosa la muuliza swali. Na data iliyokataliwa je, hufutwa? Anayekataa kulipia jibu alirudishe: alifute kwenye faili na athibitishe kwa maandishi kwamba hakulitumia. Huwezi kuirudisha bidhaa dukani na bado ukaitumia nyumbani.

Haya hayahitaji uvumbuzi mpya. Prolific, jukwaa la kuwapata wahojiwa wa utafiti, huwapa watafiti siku 21 kuidhinisha au kukataa kazi, zikipita bila neno kazi hujiidhinisha. Kwenye Amazon Mechanical Turk, jukwaa lililoanza mwaka 2005, muda huo hauwezi kuzidi siku 30. Mnaweza kuwa na lawama nyingine kwa majukwaa hayo, nasi tunazo, lakini kanuni ya ukimya kuwa idhini imefanya kazi humo kwa miaka na soko halikuanguka. Tunaomba siku 21 kwa majopo yote. Baada ya hapo hasara ni ya aliyechelewa kukagua.

Viwango vya sekta navyo vipo. ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilitoa kiwango cha majopo, ISO 26362, mwaka 2009, na mwaka 2019 kikaingizwa katika ISO 20252. ESOMAR, chama cha kimataifa cha watafiti wa soko, ina kanuni za maadili na orodha ya maswali ambayo mnunuzi wa sampuli anapaswa kumuuliza muuzaji. Wanunuzi, orodha hiyo huwa mnapokea majibu yake mkayaweka kabatini. Ongezeni maswali haya kwenye zabuni, na mdai namba, msikubali maelezo matupu: mhojiwa atapokea kiasi gani kati ya tunachowalipa ninyi kwa kila jibu, asilimia ngapi ya wahojiwa wetu walitolewa baada ya kupita nusu ya dodoso, jopo jingine lililoazimwa watu ni lipi, na siku ngapi hupita kati ya jibu na pesa kumfikia mtu. Muuzaji asiyejua jibu la swali la mwisho hajui watu wake ni nani, na data yake msiinunue. Mtu anayeamini kwamba atatolewa wakati wowote hujifunza kukisia jibu linalompitisha mchujo. Udanganyifu mnaoulalamikia mwishoni umefundishwa na mchujo wenu mwanzoni.

Kuhusu pointi zenyewe. Masharti mengi husema pointi hazina thamani ya pesa, zinaweza kubadilishwa viwango bila taarifa, na hufutika akaunti ikikaa kimya, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12. Mtu akisoma tangazo anaona ujira. Akisoma masharti anaona zawadi ya hiari. Tunataka neno moja likubalike: deni. Jibu likishapokelewa na siku 21 kupita, pointi ziwe deni linalodaiwa, lenye kiwango cha ubadilishaji cha siku lilipozaliwa, na lisifutike kwa ukimya bila barua 3 za tahadhari na nafasi ya kulipwa kiasi chochote kilichopo hata kama ni chini ya kiwango cha kutoa. Si suala la nadharia. Mei 2024 Dynata, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za majopo duniani, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi nchini Marekani, ikatoka katika hali hiyo Julai mwaka huohuo. Hiyo ilisimama tena. Jopo dogo likizama, mwenye pointi hupanga foleni nyuma ya wadai wenye dhamana, kama hata atatambuliwa kuwa mdai. Salio la wahojiwa litengwe kwenye akaunti yake, lisichanganywe na pesa ya kuendeshea ofisi.

Kwa mamlaka za taarifa binafsi tuna ombi moja. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kuona taarifa zake katika kifungu cha 15, kwa kawaida ndani ya mwezi 1, na katika kifungu cha 22 inamkinga dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee. Sheria zenye sura hiyo sasa zipo katika nchi nyingi. Tamkeni waziwazi kwamba alama ya ubora ya mhojiwa ni taarifa yake binafsi, na kwamba kufunga akaunti yenye salio ni uamuzi unaohitaji binadamu kuupitia. Majopo husema kwamba kutaja sababu ni kuwafundisha walaghai. Si lazima mtaje kizingiti. Kusema "umekatwa kwa kasi, dodoso namba fulani, tarehe fulani" hakumfundishi mlaghai asichokijua, ila humpa mwaminifu kitu cha kujibu. Na anayejibu asikilizwe na mtu mwingine, asiyekuwa yule aliyebonyeza kitufe cha kufunga.

Tunatambua kwamba haya yote hayawezi kuanza siku moja. Kuunganisha seva na jopo ni kazi ya wiki, kubadilisha masharti ni ya miezi, na kutenga salio kunahitaji idhini za bodi. Lakini takwimu mnazo leo, zimo kwenye hifadhidata zenu, na yeyote kati ya wataalamu wenu anaweza kuzitoa kwa mchana mmoja. Kwa robo mwaka inayoanza, kila jopo litangaze namba 4 kwenye ukurasa wa kujiunga, juu ya kitufe cha kujisajili: kati ya watu 100 waliojibu angalau dodoso 1, wangapi wamewahi kulipwa, muda wa kati kutoka ombi la kutoa pesa hadi pesa kufika, pointi kwa saa (muda wa michujo ukiwemo), na kiasi cha salio kilichofutwa kwa akaunti zilizofungwa. Ya nne ndiyo mtakayositasita kuitoa, nayo ndiyo tunayoisubiri kuliko zote.

Ni sisi,
Waandaaji wa madodoso, wasimamizi wa sampuli na wahakiki wa data